Ukisikia Mumbai mshahara mnono, uliza kwanza kodi ya chumba!

Mpenzi msomaji, safari hii sikupeleki Bagamoyo wala Muheza kula machungwa. Nakupeleka Mumbai, ule mji wa India ambao wazee wetu hadi leo wanauita Bombay, ingawa jina lilibadilishwa tangu 1995. Usicheke! Mimi pangu pakavu tia mchuzi, nisingefika huko kwa jeuri ya mfuko wangu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu Mwananyamala alitakiwa kwenda kupasuliwa goti, wanawe wakatafuta kijana wa kumsindikiza, mwenye Kiingereza cha kuombea maji. Macho yakaniangukia mimi.

Siku mbili kabla ya safari, mama mkubwa akanivuta pembeni.

"Mwanangu, dada yako ana miezi tisa huko. Analipwa rupia 45,000 kila mwezi. Hajanitumia hata hela ya chumvi. Kanitazamie kuna nini. Kama kapata mwanamume anayemlia pesa, njoo uniambie, usinifiche."

Niwaeleze kidogo. Huyo dada ni mkalimani katika hospitali moja inayopokea wagonjwa wengi kutoka huku kwetu. Daktari anasema Kiingereza, mgonjwa anasema Kiswahili, dada yuko katikati. Alipopata kazi hiyo, mtaa mzima ulijua. Tulipobadilisha hela rupia 1 ilikuwa kama shilingi 30, kwa hiyo 45,000 ni shilingi 1,350,000. Watu wakasema kaula! Mama mkubwa naye akakaa mkao wa kula, akakopa kwenye kikoba aezeke nyumba bati jipya, akijua binti atalipa.

Kibaya zaidi ilikuwa ile picha. Dada alituma picha kwenye simu amesimama pale Gateway of India, lile lango kubwa la mawe lililo ufukweni, na nyuma yake inaonekana hoteli ya Taj Mahal iliyofunguliwa 1903. Majirani wakaapa kwamba ndipo anapoishi.

TRENI NILIYOIPANDA NIKAJUTA

Siku ya tatu, mzee akiwa amelazwa, dada akaniambia nimfuate kwake Andheri jioni akitoka kazini. Tukaenda stesheni ya Churchgate. Mumbai ndiko treni ya kwanza ya abiria ya India ilikoanzia, tarehe 16 Aprili 1853, kutoka Bori Bunder hadi Thane, kilomita 34. Nadhani waliopanda siku ile ndio wa mwisho kupata nafasi ya kukaa! Nimezoea daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni, nikajiona fundi. Bwana wee, nilikuwa mtoto mdogo.

Dada akaingia behewa la wanawake. Mimi nikasukumwa ndani ya behewa la wanaume bila kunyanyua mguu. Kumbe nimepanda treni ya haraka ya Virar, na wenyeji wa Virar hawampendi mtu wa kushuka njiani akiwazuia mlango. Tulipofika Andheri nikapiga kelele "nashuka!" kwa Kiswahili, Kiingereza kimeyeyuka. Nani akusikie? Nikapitilizwa mpaka Borivali, shati limepoteza vifungo viwili. Nilipompata dada alicheka mpaka akakaa chini.

"Mdogo wangu, hii ndiyo raha yangu ya kila siku. Lakini usiitukane. Pasi yake ya mwezi ni rupia mia mbili na ushee tu. Bila treni hii, mimi na nusu ya mji huu tungelala njiani."

Ni kweli. Chakula cha barabarani nacho ni rahisi. Kuna kitu kinaitwa vada pav: kiazi kilichopondwa kikatiwa viungo, kikachovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, kisha kikabanwa ndani ya mkate kama boflo. Nilikuwa nanunua kwa rupia 20, na chai ya kikombe kidogo rupia 12. Bajaji ziko tele, na huko ndiko kwao hasa, maana kampuni yenyewe iko Pune, mji wa jirani. Mita ilianzia rupia 26. Ila katikati ya mji wa kusini haziruhusiwi, huko ni teksi na mabasi.

Nikaanza kuwaza: sasa kama nauli ni rahisi na chakula ni rahisi, hela ya dada inakwenda wapi? Maneno ya mama mkubwa yakanirudia. Au kweli yupo mwanamume?

DAFTARI LA DADA

Jumapili nikaenda kwake mchana. Mlinzi wa geti akaandika jina langu na saa niliyoingia kwenye kitabu, kama naingia mahabusu. Ghorofa ya nne, chumba kimoja cha kulala, sebule na jiko la kugeukia kwa zamu. Wanakaa watatu: dada na wauguzi wawili kutoka Kerala. Vitanda viwili chumbani, kimoja sebuleni. Cha sebuleni ndicho cha dada. Nguo zake ziko kwenye sanduku lile lile alilotoka nalo Dar.

Nikamwambia ukweli nilichotumwa. Sikuona sababu ya kuzunguka. Alinyamaza, akainuka, akaleta daftari.

"Wewe si ulisoma mpaka Form Four? Haya, piga hesabu mwenyewe."

Msomaji, hesabu nilipata F, lakini za siku ile sitazisahau. Mshahara 45,000. Mfuko wa akiba unakata asilimia 12, yaani 5,400, na fedha hizo si za kuchukua kesho wala keshokutwa. Kodi ya kazi ya jimbo la Maharashtra 200. Zinabaki 39,400.

Kodi ya nyumba ni 45,000 kwa mwezi, wakigawana watatu kila mmoja 15,000. Umeme, gesi na intaneti 1,500. Chakula anacholetewa na mama mmoja wa jirani kwenye vibweta, mchana na usiku, 4,500. Chai, matunda na vitafunio 3,500. Usafiri wote, treni, basi na bajaji za kuchangia, 2,500. Simu 400. Sabuni, nywele, dawa na mambo ya kike 2,500. Halafu 4,000 anaweka za tiketi ya ndege.

Jumla 33,900. Zinabaki 5,500, sawa na shilingi 165,000.

"Basi hata hizo ungemtumia mama," nikasema.

"Fungua ukurasa wa kwanza."

Ukurasa wa kwanza kulikuwa na deni. Mumbai mwenye nyumba anataka amana kabla hujaingiza hata godoro. Wao waliambiwa miezi miwili, 90,000. Dalali naye akataka kodi ya mwezi mmoja, 45,000. Fungu la dada likawa 30,000 na 15,000. Jumla 45,000, mshahara mzima kabla hajaupokea! Na hapo walikuwa wameshakataliwa nyumba tano. Moja hawakutaka mgeni, nyingine hawakutaka wasichana wasio na waume, nyingine hawakutaka wala nyama, hata harufu ya samaki ni kesi.

Mfanyakazi mwenzake akamkopesha. Kila mwezi anamrudishia 5,000. Miezi tisa. Anabaki na rupia 500 mfukoni, yaani shilingi 15,000, mpaka mwisho wa mwezi. Mwanamume hayupo. Mwanamume ni dalali!

"Na hizi za tiketi?"

"Hizo siziguzi. Mama akiugua nitapanda ndege kwa hewa?"

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

Akatazama dirishani. "Nimwambie nini? Kwamba nalipwa milioni na zaidi na sina hela? Ungeniamini wewe?"

Nikanyamaza, maana jibu nilikuwa nalo na halikuwa zuri.

KWA NINI KODI INATISHA

Ukiitazama ramani utaona mji ulivyobanwa. Zamani vilikuwa visiwa saba, vikaunganishwa kwa kufukia bahari, na hadi leo maji yameuzunguka pande tatu. Watu wanaongezeka, ardhi haiongezeki. Sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12 ndani ya mji peke yake, na takriban 4 katika kila 10 walikuwa wakiishi kwenye makazi duni kama Dharavi. Upande wa pili, tajiri Mukesh Ambani ana nyumba ya familia yake yenye ghorofa 27. Tena ziko nyumba kuukuu ambazo wapangaji wake wanalindwa na sheria ya kodi, wanalipa hela ya karanga na hawatoki ng'o. Mgeni anayekuja leo hapati hizo. Anapata zile za dalali.

Nikamwuliza dada kwa nini asihamie Virar, ambako nyumba nzima huenda ikapatikana kwa fedha anayolipia kitanda. Akanijibu kwa swali: "Treni ile uliipanda mara ngapi?" Mara moja. "Basi kutoka Churchgate hadi Virar ni kilomita 60. Panda hivyo asubuhi na jioni, siku sita kwa wiki, halafu usimame na mgonjwa anayelia akikutegemea usikosee neno la daktari." Nikaacha.

Wakati natoka nikaongea na yule mlinzi, dada akitafsiri kwa Kihindi chake cha kuokoteza. Ametoka Uttar Pradesh. Analipwa rupia 16,000, na kila mwezi anatuma nyumbani 8,000! Nikamtazama dada, dada akanitazama. Anafanyaje? Akasema wanaume sita wamepanga chumba kimoja, wanalala kwa zamu, wa usiku akiamka wa mchana anajilaza. Wanapika wenyewe wali na dengu. Mke na watoto wako kijijini, na huwaona mara moja kwa mwaka. Mwanawe wa mwisho alipozaliwa yeye alikuwa hapo hapo getini.

Alisema bila kujihurumia. Lakini nilipomwuliza kama mshahara unamtosha, alicheka akasema unawatosha wale wa kule.

NIBAKI AU NIRUDI?

Siku ya mwisho dada alinisindikiza. Mkataba wake wa mwaka ulikuwa umebakiza miezi mitatu na walimwahidi kumpandishia hadi 50,000. Akaniuliza, "Mdogo wangu, nibaki au nirudi?"

Tukalifungua tena daftari tukiwa tumekaa kwenye benchi la hospitali. Kwa 50,000, baada ya makato atapata 43,800. Mkataba wa nyumba ni wa miezi 11, na mwenye nyumba akiongeza asilimia 10, fungu lake litafika 16,500. Matumizi mengine yakibaki vile vile, atabakiwa na rupia 8,400, shilingi 252,000. Deni limekwisha mwezi huo huo. Na ile amana ya 30,000 ni yake, atarudishiwa siku akihama, kama hakuvunja kitu.

Nikamwambia: "Rudi kama umechoka, hakuna atakayekulaumu mbele yangu. Lakini kama unarudi kwa sababu ya hesabu, mwaka mgumu umekwisha." Akafikiri, akasema atabaki mwaka mmoja, na kuanzia mwezi unaofuata atatuma rupia 5,000, shilingi 150,000. "Si zaidi. Na wewe ndiye utakayemwambia."

Nikarudi Dar na mzee anatembea kwa gongo. Mama mkubwa alikuwa ananisubiri kibarazani. Nikamsomea hesabu zote, mstari kwa mstari, nilikuwa nimezinakili. Nikamwambia kitanda kiko sebuleni, na ile hoteli ya kwenye picha hata mlango wake dada hajauvuka. Niliogopa atakasirika. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu.

"Lakini anakula?"

"Anakula, mama."

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema bati litasubiri, na kikoba atakwenda kuongea nao mwenyewe.

Kwa hiyo msomaji, mshahara wa Mumbai unatosha au hautoshi? Rupia 45,000 zinamtosha mtu mmoja mwenye kitanda sebuleni na asiye na deni. Hazitoshi mtu yule yule akitegemewa na nyumba mbili. Ukiwa na ndugu aliyepata kazi ng'ambo, usizidishe mshahara wake kwa shilingi ukaanza kununua bati. Muulize kodi ni kiasi gani, amana alilipa nani, makato ni mangapi. Ukishajua hayo ndipo umwombe. Na wewe uliye huko, ukiona hali mbaya sema mapema. Miezi tisa ya kimya iligharimu kuliko lile deni.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.