Bei ya Mama

Mama hakuwa na desturi ya kumtajia mtu bei kabla ya kumsalimia. Mteja akiingia anaulizwa habari za nyumbani, anavutiwa kigoda, anafunguliwa doti tatu nne mezani. Hata akiuliza bei, Mama hajibu papo hapo. Anamtazama viatu, anapima huyu katokea Masaki au Mbagala, ni mtu wa harusi au mtu wa msiba, ndipo anataja. Doti ile ile iliweza kuwa na bei nne kabla ya adhuhuri. Sikuona ubaya wake. Ada yangu ya shule ilitoka humo.

Duka letu la kanga lipo Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo, upana wake mlango mmoja. Tangazo letu lilikuwa mlango wenyewe: kanga zimetundikwa, jina linatazama barabarani. Mpita njia anasoma "Usisafirie nyota ya mwenzio", anacheka peke yake, anamkumbuka jirani yake, anaingia. Pindo na mji huvuta jicho, ila jina ndilo linalofungua pochi. Baadaye maduka mengine yakaleta spika zenye sauti ya kurekodi, zinazorudia bei kutwa nzima mpaka kichwa kinauma. Mama alizichukia. Alisema bei ikishatangulia mlangoni, mteja hana tena sababu ya kuketi.

Enzi Instagram ilipokuwa ikiruhusu video za sekunde 15, nikajiona nimepata. Nilipanga doti sita sakafuni, nikapitisha simu juu yake polepole, nikaweka muziki, nikaandika chini yake: "Bei inboksi." Nilidhani nimeuhamishia ujanja wa Mama kwenye simu. Kumbe Mama alikuwa na kigoda, na kikombe cha chai, na macho yake yale. Mimi nilikuwa na bando linaloisha. Watu waliuliza "bei?", nikajibu "njoo inboksi", wakapita zao. Mwaka mzima niliuza doti tano kwa njia hiyo, na mbili kati ya hizo alichukua shangazi yangu. Mpaka leo nikiona mtu kaandika "bei inboksi" namwonea huruma.

Miaka iliyofuata nilijifunza kwa hasara. Taa ya tyubu ya dukani iligeuza wekundu wa kisutu ukawa rangi ya chungwa, na mteja wa Dodoma aliyekuwa akiandaa harusi akarudisha mzigo wote, nauli juu yangu. Tangu hapo napiga video mlangoni, kabla ya saa nne asubuhi. Tena mtu wa mbali hawezi kushika kitambaa, na kanga mpya ina wanga unaoficha mengi. Basi nikawa nachomoa uzi mmoja ukingoni na kuuwasha kiberiti mbele ya simu. Uzi wa pamba unakuwa majivu na kunukia karatasi iliyoungua. Uzi bandia unayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Video hizo hazikuwa na muziki wala mbwembwe, lakini ndizo za kwanza kuleta maswali ya maana.

Fedha ya kweli ilianza kuonekana 2017, WhatsApp ilipoleta video za stetasi. Hizo hazikutazamwa na watu wa mbali. Zilitazamwa na wanawake waliokuwa tayari kwenye simu ya Mama: wenzake wa kikoba, mashoga zake, wasimamizi wa kicheni pati wanaotafuta sare. Mmoja akiipenda kanga, wanaagiza doti arobaini. Lakini bei bado ilibaki siri. Mama alipiga simu kwa kila mmoja na kuelewana naye kivyake.

Siri hiyo niliivunja mwenyewe mwaka 2021, bila kukusudia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kanga mpya, naongea kwa bashasha ya TikTok: "Jamani, doti hii ni elfu kumi na tano tu, bei ya ofa, wahi kabla haijaisha!" Nyuma yangu Mama alikuwa akimalizana na mteja aliyeketi kigodani. Kariakoo ina kelele. Sikumsikia, na sikurudia kuisikiliza video kabla ya kuirusha. Simu ilimsikia. Sekunde mbili baada ya ofa yangu, sauti ya Mama inasema wazi kabisa, "Haya mwanangu, chukua kwa kumi na tatu, tusichoshane." Doti ile ile.

Kesho yake asubuhi nilikuta ujumbe zaidi ya mia mbili. Wengi walicheka tu. Waliobaki waliandika maneno yanayofanana: "Dada, sisi tunataka bei ya mama." Nilitaka kuifuta. Kijana wetu wa dukani akaniambia nikiifuta ndipo nitaonekana tapeli. Tukauza kwa 13,000, mzigo wote ukaisha kwa siku nne, na kwa mara ya kwanza nikataja bei ya kweli kwenye video iliyofuata.

Mama hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Umenivua nguo sokoni." Hakulalamikia zile elfu mbili. Majirani nao walikuja juu, maana wateja sasa waliingia madukani kwao wamenyoosha simu: mbona wenzenu wanauza hivi? Mzee mmoja wa duka la tatu kutoka kwetu alikuja, akakataa kuketi, akasema, "Binti, mnatuua." Nilimwona mzee wa zamani asiyetaka mabadiliko. Siku hizi nadhani alikuwa na haki yake, angalau nusu.

Nilikuja kuelewa baada ya kama mwezi hivi, alipoingia mwanamke mwenye msiba, mkononi ana 10,000. Zamani Mama angemtajia tisa, akamrudishia elfu ya nauli, na yule mwanamke angeondoka akijua kwamba amenunua kama watu wengine. Aliyetoka Masaki asubuhi ndiye aliyemlipia, pasipo wao wawili kujuana. Sasa mwanamke yule alikwisha kuiona video, aliijua kumi na tatu, akaanza kuomba apunguziwe mbele za watu. Mama alimfungia doti, akapokea ile kumi, akaandika elfu tatu kwenye daftari la madeni. Daftari hilo hajalifungua kudai hata siku moja.

Biashara imekua, siwezi kudanganya. Tunatuma mikoani kila jioni; kijana anapeleka mizigo stendi ya Mbezi, anapiga video jina la mteja likiwa juu ya furushi na basi nyuma yake, mteja anajua mali yake ipo njiani. Bado nabishana na wanaotuma hela bila kuweka ya kutolea. Kuna waliowahi kuiba video zetu, wakafuta sauti, wakauzia watu hewa, na waliotapeliwa wakaja kututukana sisi. Ndiyo maana sasa kila video lazima Mama asikike akisema neno, hata kama ni kuagiza chai.

Uso wake hautauona, amekataa katakata. Na bei hataki kuitamka mbele ya simu, naitaja mimi. Ukija dukani, tafadhali usimnyooshee kioo cha simu. Msalimie, vuta kigoda, mwache akuulize habari za kwenu. Bei unaijua, lakini atakutajia mwenyewe.