Nani Aliyabeba?

Wengi wetu tukisikia Hamburg tunawaza meli na magari ya mitumba tu. Mimi nilifika huko na kikundi cha vijana kwa majuma mawili, na siku moja nzima tukazungushwa mjini kwa miguu na bibi mmoja mstaafu. Miguu yake chuma, bwana! Sisi vijana ndio tuliokuwa tunahema.

Tulianzia kanisa la Mtakatifu Nikolai, au tuseme gofu lake. Mnara una mita 147, na ulipomalizika mwaka 1874 hapakuwa na jengo refu zaidi duniani. Julai 1943 ndege za Uingereza na Marekani ziliutwanga mji huu mabomu, wakafa watu zaidi ya 30,000. Paa la kanisa likaanguka, mnara ukasimama. Hawakulijenga upya. Wameliacha liseme lenyewe.

Tukavuka daraja hadi Speicherstadt, mji wa maghala, ulioanza kujengwa mwaka 1883. Ni matofali mekundu ya kuchoma, ghorofa juu ya ghorofa, na chini yake magogo ya mwaloni yaliyopigiliwa kwenye matope. Upande mmoja wa ghala ni barabara, upande wa pili mfereji wa maji. Juu kabisa pametokeza kapi la kuvutia magunia kutoka mashuani: kahawa, chai, viungo. Tangu 2015 mahali hapa pamo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Nikabaki mdomo wazi. Ndipo bibi akasema, taratibu tu, kwamba kabla ya maghala palikuwa na nyumba za watu. Takribani 20,000 walihamishwa, wakiwemo makuli wa bandarini.

Jirani na hapo lipo Chilehaus, kazi ya Fritz Höger, lililomalizika mwaka 1924. Kona yake ni kali kama omo ya meli. Mwenye jengo alitajirika kwa shura ya Chile, na nchi hiyo ndiyo iliyolipa jengo jina.

Kisha tukafika Afrikahaus, jengo la mwaka 1899 la kampuni ya Woermann, matajiri wa meli na biashara ya Afrika. Mlangoni amesimama mpiganaji wa Kiafrika wa shaba. Uani wapo tembo wawili. Nikauliza, "Huyu anaitwa nani?"

"Hana jina, kijana," bibi akajibu. "Ni pambo."

Jibu hilo lilinichoma. Mwenye kampuni anajulikana, msanifu wake Martin Haller anajulikana. Lakini pembe na magunia yaliyokuwa yakishuka katika bandari hii hayakutembea yenyewe. Kule kwetu kuna mgongo wa mpagazi ulioyafikisha pwani, na jina la mgongo huo halimo katika ukuta wowote niliouona.

Nikamkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyeingia Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu. Mjane huyo akaandika, na kumbukumbu zake zikatoka kitabu mwaka 1886. Leo twajua alivyoona baridi na upweke wa huko kwa kuwa alishika kalamu. Watumwa wa nyumba ya baba yake hawakuipata kalamu hiyo.

Vijana wenzangu mnaoandika, msingoje safari ya Ulaya. Pita Bagamoyo, pita Tanga, simama mbele ya boma lolote la Mjerumani, halafu uliza: chokaa hii nani aliichoma? Mawe haya nani aliyabeba? Mwalimu wa historia atakutajia gavana. Huyo mwingine ni kazi yetu sisi watunzi.

Riwaya yangu imefika sura ya tatu. Mhusika mkuu ni mpagazi, na kabla sijaandika sentensi ya kwanza nilimpa jina lake na la mama yake.