Maswali Matatu Mkekani

Mwaka 2016 nilimzika mtoto wangu wa pili bila kumsikia akilia. Uchungu ulinishika usiku, mvua inanyesha, mume wangu yuko machimboni, na usafiri pekee tulioupata ulikuwa baiskeli ya shemeji. Tulifika zahanati kumekucha. Neno la kwanza nililopokelewa nalo lilikuwa: "Ulikuwa wapi siku zote?" Nilikuwa njiani. Sikuwa na nguvu ya kujibu hata hilo.

Mimba ya 2023 ilinikuta peke yangu hapa kijijini kwetu, mkoani Shinyanga. Mume alikuwa ameacha kupiga simu. Niliificha chini ya kanga mbili mpaka mwezi wa tano. Aliyeigundua ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chetu. Hakuniuliza baba yuko wapi. Aliketi mkekani, akavua kandambili, akaniuliza mambo matatu: "Mama, ukishikwa uchungu usiku, nani atabaki na binti yako? Fedha ya dharura iko wapi? Ndugu gani atakutolea damu ikihitajika?" Sikuwa na jibu hata moja. Nikalia. Akasema, "Basi tuyatafute."

Tuliyatafuta kweli. Alinipeleka kwenye kikundi cha akina mama wanaoweka hisa kila Jumamosi chini ya mwembe. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Ndani yake kuna mfuko wa jamii, wa kumsaidia mwenye msiba au ugonjwa. Nilianza na hisa moja ya fedha za kupalilia mashamba ya watu. Jirani akaahidi kulala na binti yangu. Kaka yangu akakubali kwenda kupima kundi la damu. Sijawahi kujiona mtu kati ya watu kama siku zile.

Dalili za hatari mhudumu alinirudishia kila alipokuja, mpaka nikaziimba: kichwa kuuma sana, uso na mikono kuvimba, kuona maluweluwe, kutokwa damu, mtoto kuacha kucheza. Wiki ya 33, nikipepeta mchele, punje zikaanza kumetameta mbele ya macho na kichwa kikagonga kama kinu. Zamani ningesema ni jua, au nimerogwa. Nilimtuma binti mbio. Mhudumu akapiga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, wakamwita dereva aliyesajiliwa wa eneo letu. Gari lake ni lilelile linalobeba abiria siku za mnada. Malipo yake aliyapata kwa simu kutoka kwenye mfumo. Mimi sikutoa hata shilingi. Hospitalini presha ilikuwa juu mno. Wakanichoma sindano ya magnesiamu kuzuia kifafa cha mimba, na usiku huohuo wakanizalisha.

Mwanangu alikuwa na gramu 1,700. Muuguzi alimlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, ana kofia na soksi tu, akamfunga kwa kanga ileile niliyokuwa nikifichia mimba. Wanaiita huduma ya kangaruu. Pumzi yake ilikuwa nyepesi kama ya kifaranga, nami niliogopa kusinzia nisije nikaikosa. Tulikaa hivyo wiki tatu.

Niliporudi, nilikuta mpunga wangu umepaliliwa. Akina mama wa kikundi wakaleta uji wa ulezi, kuni na michembe. Lakini lililonivusha zaidi lilikuja baada ya arobaini, pale wageni wanapopungua. Nilikuwa nalia bila sababu, nikimnyonyesha mtoto huku sitaki kumtazama usoni. Mama mmoja wa kikundi alikuwa anakuja kila jioni, anakaa, anachambua mboga, hazungumzi sana. Ndiye aliyemwambia mhudumu kwamba huku si kuchoka tu, nikapelekwa kutibiwa.

Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Hata hao 104 wana majina, na nyumbani kwao kuna watoto. Kama jirani yako ni mjamzito, usisubiri aombe. Nenda kwake leo, keti, mwulize yale maswali matatu, na usiondoke kabla hayajapata majibu.