Maboksi ya Mjomba

Mjomba wangu aliondoka Goma mwaka 2008, akakaa miaka kambini Nakivale, Uganda, na leo anafanya kazi kwenye bohari ya vifaa vya wawindaji huko Idaho, Marekani. Kazi yake ni kutoa maboksi rafuni na kuyafunga kwa wateja. Siku moja alinitumia picha ya boksi dogo, na sauti yenye wasiwasi: "Mutoto yangu, weye njo unasomaka lugha. Simu inaniambia hapa wameandika 'anakufa'. Nani anakufa?"

Nilicheka. Neno lenyewe lilikuwa dies. Kwa Kiingereza ni homonimu: kuna la kufa, na kuna la fundi, yaani kalibu ya chuma ambayo kitu husukumwa ndani yake kipate umbo. Huko Marekani wapiga shabaha wengi hawatupi maganda ya risasi. Huyaokota, huyapitisha kwenye kalibu yakarudi kipimo chake, kisha huyajaza upya. Wakati huo ganda hushikwa kitako na kipande kidogo cha chuma chenye mfereji. Tulikiita kishika-ganda, kwa kuwa hatukuwa na jina lingine.

Kicheko kiliisha aliponieleza kwamba amekwisha kukosea mara mbili, na ameambiwa ya tatu itakuwa ya mwisho. Ana watoto wanne.

Nikaketi na picha zake kama ninavyoketi na zoezi la semantiki. Kiingereza hakikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa namba. Mteja wa kwanza aliagiza kalibu za .38 Special, mjomba akaona .38 kwenye boksi, akafunga. Kumbe lilikuwa la .38 S&W. Wa pili alitaka kishika-ganda cha .45 ACP, akapelekewa cha .45 Colt.

Nilisoma usiku mzima, na umeme ulikuwepo, bahati yangu. Risasi ya .38 Special, iliyotoka mwaka 1898, haina upana wa inchi 0.38 hata kidogo. Kichwa chake kina inchi 0.357. Jina ni mabaki ya enzi ambazo kichwa cha risasi kililingana kwa upana na ganda lake. Mwaka 1935 ikaja .357 Magnum, ambayo ni ganda lile lile lililorefushwa kwa milimita 3 na kitu, ili isiingie kwenye bastola dhaifu ikaipasua. Kwa hiyo hizo mbili, ambazo majina yao hayafanani, hutumia kalibu moja na kishika-ganda kimoja. Fundi hupandisha au hushusha kalibu tu kufuata urefu, na wengine huweka pete ya unene huohuo chini yake. Ndivyo zilivyo pia .44 Special na .44 Magnum. Lakini .38 S&W ni ya mwaka 1877, ganda lake ni fupi na nene zaidi, na kalibu ya mwenzake haimfai. Zile .45 nazo, moja ina ukingo mpana kitakoni, nyingine ukingo haujitokezi. Kishika-ganda cha moja hakiwezi kuishika nyingine. Juu ya hayo yote, kila kiwanda huvipa vishika-ganda namba zake chenyewe: kilicho 6 kwa mmoja ni 1 kwa mwingine. Kama noti za sarufi za wahadhiri wawili.

Nikamwambia asome jina zima, asiishie kwenye namba. Special na Magnum ni mtu na mdogo wake. S&W ni somo tu, wa ukoo mwingine. Neno somo kwa maana hiyo nililikuta vitabuni, maana sisi wa Goma hatulitumii sana. Alilipenda.

Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa nimeyapanga maganda kabla yake. Novemba 2012, M23 walipoingia mjini, nilikuwa na miaka tisa. Risasi zilipotulia, sisi watoto wa Ndosho tuliokota maganda barabarani tukayapanga kwa urefu juu ya mawe ya volkano. Mafupi yalikuwa mengi, marefu yenye ukingo yalikuwa ya thamani. Sasa najua kwamba yote mawili huitwa 7.62: ganda la milimita 39 la Kalashnikov, na la milimita 54 la bunduki kubwa ya rashasha. Mama alipoyaona aliyamwaga chooni, akatunawisha mikono mara mbili kwa sabuni. Januari 2025 maganda yalijaa tena njiani. Niliyapita. Na usiku ule wa kumsomea mjomba nilijikuta nayasoma kwa raha, nikashangaa, nikaendelea kusoma.

Mjomba alikimbia mlio wa vitu hivyo, na sasa ndivyo vinavyomlipia nyumba. Hajawahi kulisema hilo, nami siulizi.

Wiki ya tatu ilipita bila kosa. Alinitumia picha ya kartoni aliyoibandika rafuni kwake, kwa maandishi makubwa: NDUGU upande mmoja, SOMO upande wa pili. Msimamizi wake ameuliza maana. Mjomba anataka nimpe neno la Kiingereza, na nimempa namesake, ingawa somo ni zaidi ya hapo: ni rafiki wa siri, ni kungwi, ni kile tunachoingia darasani kukisikiliza. Amenijibu kwamba msimamizi hana muda wa yote hayo.