Magwanda ya Mjukuu

Jumatatu usiku simu ya kaka yangu ilitukuta mezani. Yeye na mkewe wamelowea Marekani, na kijana wao alizaliwa huko. Sasa, akasema, kijana yuko mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha jimbo, anasomea uhandisi, na papo hapo chuoni anafunzwa uafisa wa jeshi.

Mama aliweka kijiko chini. "Mimi nilidhani ameenda kusoma."

Hata mimi, msomaji mpenzi. Lakini nilipochunguza niliona kwamba jambo hili ni la kale. Mwaka wa 1819 Alden Partridge, aliyewahi kuongoza chuo cha kijeshi cha West Point, alianzisha shule ya kuchanganya vitabu na gwaride. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Norwich, Vermont. Aliamini kuwa nchi huru hulindwa na raia walioelimika. Mwaka wa 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka, sheria ya Morrill iliyapa majimbo ardhi ya kugharamia vyuo vya kilimo na ufundi, mradi mbinu za kivita nazo zifundishwe. Mpango wenyewe, uitwao ROTC, ulizaliwa kwa sheria ya mwaka wa 1916. Kwa miaka mingi wanaume katika vyuo vingi vya umma walilazimishwa kuufuata kwa miaka miwili ya kwanza, watake wasitake.

Kisha vikaja vita vya Vietnam. Mei 2, 1970, jengo la ROTC katika chuo cha Kent State liliteketezwa. Siku mbili baadaye askari wa jimbo la Ohio waliwaua wanafunzi wanne kwa risasi. Hayo sikumwambia mama.

Nilizungumza na kijana mwenyewe. "Shangazi, jeshi linanilipia karo yote. Baba ana kazi mbili." Akihitimu atakuwa luteni wa pili, na atadaiwa utumishi wa miaka minane, mingine kazini, mingine katika jeshi la akiba. Bado anaweza kujitoa kabla mwaka wa pili haujaanza. Baada ya hapo amefungwa.

Jana mama aliniita zizini.

"Nikiuza hawa wawili," akauliza, "si watatosha karo ya muhula mmoja?"

Nilijua bei ya ng'ombe sokoni. Nilijua pia bei ya dola. Nikamwambia nitauliza.