Upanga wa Babu na Sajini Asiyekuwepo

Video ile ina sekunde 94 na bado inazunguka kwenye simu za watu ambao siwezi kuwafikia. Mimi ndiye niliyeitengeneza. Inaanza na mlango wa nyumba yetu Kibokoni, ule wa nakshi, kisha ngoma za Kijapani nilizozinyakua mtandaoni, kisha upanga unachomolewa polepole kwenye ala huku sauti yangu, niliyoilazimisha iwe nzito, ikisema kwamba mwaka 1944, katika misitu ya Burma, babu yangu alimuua afisa wa Kijapani ana kwa ana na kumvua upanga wake wa kisamurai.

Babu hakumuua mtu. Alikuwa dereva wa lori.

Upanga wenyewe nimezaliwa nikaukuta. Ulikaa juu ya kabati la nyanya, umeviringishwa kwenye kikoi kilichochujuka rangi, na sisi watoto tulikatazwa kuugusa. Hakuna aliyeujali sana. Kazi kubwa niliyowahi kuona ukifanya ni kumsukuma paka aliyejificha nyuma ya kabati akakataa kutoka. Tulijua tu ni “upanga wa Mjapani”, kwamba babu alirudi nao kutoka vitani, na kwamba babu mwenyewe alifariki kabla sijazaliwa.

Mambo yalianza na ami. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, tuko sebuleni na sinia la kaimati, na kwenye televisheni kuna dokumentari kuhusu mapanga ya Kijapani yaliyopotea. Ami huwa hatazami kitu hadi mwisho. Hiyo aliitazama bila hata kugusa chai.

Kisa chenyewe, lazima nikiri, ni kitamu. Kuna upanga unaoitwa Honjo Masamune, kazi ya mhunzi Masamune aliyefanya kazi karibu na mwaka 1300, uliorithiwa katika ukoo wa Tokugawa vizazi na vizazi. Mwaka 1939 Japani iliutangaza kuwa hazina ya taifa. Vita vikaisha, Wamarekani wakaamuru silaha zisalimishwe, na Desemba 1945 Tokugawa Iemasa akapeleka mapanga 14 ya ukoo wake kwenye kituo cha polisi cha Mejiro, Tokyo. Januari 1946 polisi wakayakabidhi kwa mwanajeshi aliyeandikwa kwa jina la Sajini Coldy Bimore. Tangu siku hiyo Honjo Masamune haujaonekana. Na jina hilo, Coldy Bimore, halijapatikana kwenye kumbukumbu za jeshi la Marekani.

Hapo muziki ukapanda, ami akasimama. “Na baba alikuwa Burma!”

Ningeweza kumaliza mambo usiku ule ule. Tokyo si Burma. Kikosi cha Waafrika Mashariki kilichopigana Burma, Divisheni ya 11, kilipita Bonde la Kabaw kwenye mvua na matope, kikafika Mto Chindwin mwishoni mwa 1944, kisha kikarudishwa India. Japani hakikuikanyaga. Upanga uliokuwa kwa Tokugawa hadi Desemba 1945 haungeweza kuwa kwenye lori la babu mwaka mmoja kabla. Lakini nani anataka kuwa mtu huyo, usiku wa Ramadhani, kila mtu ameshiba na ana furaha? Nikanyamaza. Na nitakuwa mkweli: hata mimi nilitaka iwe hivyo.

Baada ya hapo nilitazama dokumentari za mapanga kwa miezi. Ukitazama nyingi unaanza kuona mshono. Moja itakwambia chuma kilikunjwa mara elfu. Mhunzi anayekunja chuma mara 15 tayari ana tabaka zaidi ya elfu thelathini, kwa sababu kila mkunjo unazidisha mara mbili. Hana haja ya mara elfu, na chuma chenyewe kisingebaki. Tena hakunji kwa uchawi. Chuma kilichoyeyushwa kutoka mchanga ni kichafu na hakilingani, sasa anakikunja na kukigonga ili takataka zitoke na ugumu usambae. Yaani ni kama kukanda unga wa chapati, lakini mtangazaji hawezi kusema hivyo na ngoma zinalia. Nyingine inasimulia mashindano ya Masamune na Muramasa, upanga mmoja ukikata kila jani linalopita mtoni na mwingine ukiyaacha majani salama. Ni hadithi nzuri ya kumlaza mtoto. Wahunzi hao wawili wametenganishwa na karibu miaka mia mbili.

Hata huyo Sajini Bimore. Dokumentari humtumia kama mwizi wa ajabu, mzimu. Mimi nikimsoma namwona karani wa Kijapani aliyechoka, anasikia jina la kigeni, anaandika anavyosikia. Kwenye cheti cha babu cha kuachishwa jeshi, karani wa Kiingereza ameandika jina la baba yake kwa herufi ambazo hazitamkiki kwa lugha yoyote ninayoijua. Ukimtafuta babu kwa jina hilo, naye hakuwepo.

Sasa, haya yangebaki mchezo kama si nyumba. Nyumba zetu za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na boriti, na boriti za chumba cha juu zilikuwa zimeanza kushuka. Fundi alitaja pesa ambazo hatuna. Ami akaanza kuhesabu upanga ndani ya hesabu zake. Mara kuna dalali, mara kuna mnunuzi Dubai, mara ami amekopa kwa mtu akimwambia subiri tu, kuna mzigo unauzwa. Ndipo akaniomba nitengeneze video, “ile ya kuwavuta wazungu.” Mimi ndiyo kazi yangu, nahariri video za harusi na matangazo ya nyumba za wageni. Nilichukua jioni moja. Kufikia Ijumaa ilikuwa imetazamwa mara elfu arobaini na kitu, na watu nisiowajua wananiita mjukuu wa simba.

Binamu yangu akamwonyesha nyanya.

Nyanya alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Nikaenda. Shikamoo, marahaba, keti. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kujitetea kabla sijaulizwa. Kisha akasema, “Umemfanya babu yako muuaji mbele ya watu, na yeye hawezi kukujibu.”

Alivyoambiwa na babu ni hivi. Upanga aliununua India, kambini, kwa Mpunjabi aliyekuwa akirudi kwao. Alilipa sigara na koti la mvua. Mpunjabi aliutoa wapi, babu hakuuliza. Aliununua kwa sababu wenzake wote walikuwa na kitu cha kurudi nacho na yeye hakuwa na kitu.

“Na vita?” nikauliza.

Akanieleza kuhusu meli. Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba wanajeshi ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Babu alikuwa kwenye mojawapo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga iliyoitwa Khedive Ismail. Ilizama kwa dakika kama mbili. Walikufa watu zaidi ya 1,200, mamia yao wakiwa askari wa Kikosi cha Mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake makumi kadhaa. Manowari za ulinzi zikalipua maji kuisaka nyambizi huku walionusurika wakielea papo hapo. Tarehe na idadi nilizitafuta mwenyewe baadaye. Nyanya alijua tu kwamba babu aliona meli ipo, akageuka kumwitikia mtu, akatazama tena, haipo. Walipooana, jioni wakienda kupunga upepo Mama Ngina, kila mtu alikaa akiitazama bahari. Babu alikaa ameipa mgongo, anatazama barabara.

Nimezaliwa kisiwa hiki, nimesoma hapa, na sikuwahi kusikia jina la meli ile. Wala sikujua kwamba baada ya Wajapani kushambulia Ceylon mwaka 1942, Waingereza walihamishia meli zao za vita Kilindini, na kwamba majengo ya shule ya Allidina Visram, ambayo nimepita mbele yake mara ngapi sijui, yaligeuzwa kituo cha kufumbua maandishi ya siri ya jeshi la majini la Japani. Dokumentari za kufumbua siri hizo nimeziona kadhaa. Zinakupeleka Bletchley, zinakurudisha Bletchley.

Nikateremsha upanga, safari hii mchana, na kitambaa na taa. Mpini wenye ule msuko mzuri niliouchukua kwa karibu kwenye video si msuko. Ni chuma kilichomiminwa kwenye kalibu kikapakwa rangi kifanane na uzi. Umekazwa kwa skrubu. Panga za kale hushikwa kwa kijiti cha mwanzi. Na kwenye bapa, karibu na mpini, kuna namba ya mfululizo iliyogongwa, sawa na namba ya bunduki au ya injini ya gari. Huo ni upanga wa jeshi wa aina ya 95, ulioanza kutolewa mwaka 1935 kwa ajili ya masajini, kazi ya mashine, kiwandani, kwa maelfu. Niliiona namba hiyo nilipokuwa nikihariri. Nilikata picha ili isionekane.

Kumwambia ami ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Nilimwambia bei, kwamba akibahatika atapata pikipiki kuukuu. Akaniuliza kwa nini nimeanza kumpigia hesabu leo na nilikuwepo tangu mwanzo. Sikuwa na jibu. Deni lake tunalilipa kidogo kidogo, na sehemu yake natoa mimi. Boriti mbili zimebadilishwa, ya tatu imeegemezwa kwa mti.

Video niliifuta. Haikusaidia, wengine walishaipakua na kuipandisha upya, mmoja ameongeza maneno kwamba babu yangu alikuwa mpelelezi. Nikarekodi nyingine, nyanya akizungumza, dakika kumi na moja bila ngoma. Imetazamwa mara 312, na nadhani nusu ni jamaa zetu wa Muscat.

Nilimwonyesha ami Ijumaa iliyopita baada ya chakula cha mchana, nyanya akiwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Alitazama yote, safari hii hadi mwisho. Akavua miwani, akaifuta.

“Hiyo meli,” akasema, “haikuwa imebeba dhahabu?”

Nyanya akamwambia amsogezee birika.