Sheli ya Kuingilia

Hapa Murungu ukisema "sheli" watu wanafikiria petroli. Mimi naisema ile programu inayokupokea kwenye Yuniksi ukishataja jina na neno la siri. Ndiyo inayosikiliza amri zako. Kompyuta yangu ya mtumba, iliyobeba riwaya yangu sura tisa, ilikuwa inanipokea na sh. Hii haikumbuki kitu: umekosea herufi moja, andika amri yote upya! Basi kila siku naita bash kwa mkono. Bash, aliyoianza Brian Fox na ikatoka mwaka 1989, inakumbuka.

Ndugu msomaji, dawa ni amri moja: chsh -s /bin/bash. Inabadili neno la mwisho la mstari wako ndani ya /etc/passwd. Kwanza soma faili la /etc/shells; sheli isiyomo humo, mtumiaji wa kawaida anakataliwa. Afadhali. Mwenye mamlaka yote, ruti, anaweza kuandika njia isiyokuwepo, halafu mlango unagoma na sura tisa zimo ndani.

Nikabadili. Kimya, sh ileile, mpaka nilipotoka nikaingia tena. Nikabonyeza mshale wa juu: amri ya jana hiyo hapo, ya kufungua sura ya tisa.